Habari za Uwanja ni Nzuri, Ila

Mume wangu Bujiku hajawahi kuanza na habari mbaya tangu azaliwe. Siku mama yake mzazi alipofariki mimi nilikuwa sokoni Segese. Akanipigia simu. Nikamuuliza habari za nyumbani, akasema nzuri. Akaniuliza za sokoni, nikasema nzuri. Akataka kujua kama nimepata dagaa, nikamwambia nimepata, akauliza kama ni wakavu vizuri au wana mchanga. Tukaongea dagaa weee. Mwisho ndipo akasema, "Basi sawa, Mama Violeth. Ila mama ametutoka." Wakati huo nilikuwa nimeshaanza kugombana na muuza nyanya na simu nimeishusha. Habari za msiba nilikuja kuzikuta nyumbani, nimebeba dagaa wangu, watu wamekaa kwenye majamvi wananitazama.

Mimi naitwa Ghati. Kwetu ni Tarime, na huku nilikuja msichana nikimfuata kaka yangu aliyekuwa anachimba dhahabu kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo. Kaka alirudi kwetu mikono mitupu, mimi nikabaki na Msukuma. Sijuti. Nimelima naye mpunga, nimezaa naye, kilugha chao nakisikia mpaka cha utani. Asubuhi nasalimia "mwangaluka" kama wao, nikiulizwa "mhola?" nami najibu "mhola duhu", yaani kwema tu, na asante yao ni "wabeja". Lakini kwetu sisi, nyumba ikiungua mtu anasema nyumba inaungua, salamu zitakuja baadaye moto ukizimwa. Kwa Bujiku hilo ni kosa la adabu. Mtu kakuuliza habari, wewe unamrushia tope la uso? Kwanza nzuri. Baya lipo, halikimbii, litakuja nyuma ya ila.

Najua mtasema Waswahili wote tuko hivyo. Kweli, sote tunajibu nzuri hata jino linapotuuma. Lakini kuna watu na kuna Bujiku.

Sasa mtu wa namna hii, misheni ikaona impe kazi gani? Ikampa kazi ya kuwaambia marubani habari za hali ya hewa na uwanja.

Uwanja wenyewe upo hapa hapa kwetu Mwanhembo, mwendo mfupi wa pikipiki kutoka Segese. Usidhani ni uwanja wa lami wenye taa. Ni barabara pana ya kokoto iliyonyooka, pembeni mawe yamepakwa chokaa, na katikati ya urefu wake, kando, umesimama mlingoti wenye soksi ya kitambaa inayoonyesha upepo. Nusu ya juu, upande wa kilima, ardhi ni ngumu kama kisigino changu. Nusu ya chini inaingia kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule ambao kiangazi unapasuka na masika unanata mpaka unakuvua kiatu. Ndege zinazokuja ni zile ndogo: daktari wa macho, mapadri, wapimaji wa madini, na mgonjwa anapozidiwa, kumchukua kumpeleka Mwanza. Mvua ikinyesha sana, mto ulio kati yetu na njia ya Kahama unajaa, na hapo njia ya kututoa hapa inabaki hiyo moja tu ya juu.

Kazi ya Bujiku si ngumu kuieleza. Rubani anapiga simu kabla hajaondoka, na anapiga tena akikaribia kama mtandao upo. Anataka kujua upepo unatoka wapi, mawingu yamekaa wapi, macho yanafika wapi, na uwanja ukoje. Upepo anaangalia soksi. Mawingu anaangalia kilima: wingu likikaa chini ya kichwa cha kilima, ndege isije. Macho anaangalia mnara wa simu wa Segese, kama unaonekana basi hewa ni safi. Uwanja anaupita wote kwa baiskeli, na akifika penye shaka anashuka, anavua ndala, anakanyaga kwa kisigino. Kisigino kikizama, pabaya. Kazi hiyo anaifanya vizuri, wala simsingizii. Ng'ombe anafukuza, vijana wanaojifunzia pikipiki anafukuza, na jirani yetu Mzee Mwigulu naye anafukuzwa kila msimu wa mavuno, kwa sababu Mzee Mwigulu anaamini serikali ya Mungu ilitengeneza uwanja ule ili yeye atandaze maturubai yake ya buluu aanike mpunga. Kuona anaona yote. Shida ni kuyasema.

Rubani wetu wa mara kwa mara ni Kapteni Deusdedit, mtu wa Bukoba, mwenye haraka na mwenye Kiswahili cha kukatakata. Yeye akisikia neno alilolitaka, anakata simu. Basi fikiria mwenyewe, mtu anayekata simu akisikia nzuri, ameunganishwa na mtu anayeanza na nzuri.

Ilitokea kama ilivyopaswa kutokea. Mvua za kwanza za mwaka huu zilinyesha usiku kucha, asubuhi nusu ya chini ya uwanja ilikuwa uji mtupu. Bujiku akaenda na baiskeli, akarudi ameibeba begani. Simu ikaita, akaweka sauti kubwa kama kawaida yake ili na mimi nifaidi.

"Bujiku, habari za uwanja?"

"Nzuri tu, Kapteni. Habari za Mwanza?"

"Nzuri. Nakuja."

Simu tii. Bujiku amesimama na kipande chake cha simu mkononi, anakiambia, "Ila huku chini..." Akapiga tena, haipatikani. Kapteni alishazima simu, ameruka. Nilimtukana mume wangu matusi ambayo mengine kwa Kiswahili hayapo, ikabidi niyachukue kwetu.

Ndege ikaja, siku hiyo ikitokea kilimani kwa sababu ya upepo, ikatua, ikakimbia vizuri nusu ya kwanza watu wanapiga makofi, halafu ikaingia kwenye udongo mweusi, gurudumu la mbele likazama, mkia ukainuka juu. Hakuumia mtu. Aliteremka Bruda Marcel, msimamizi wa viwanja vya misheni, ambaye ofisi yake iko Kalangalala, Geita mjini. Alikuwa amevaa viatu vipya. Akakanyaga chini, akatembea, viatu vikabaki. Ndege ilivutwa na maksai wa Mzee Mwigulu, huku mwenyewe akiwaimbia kama yuko shambani, na tangu siku hiyo ukimwambia atoe mpunga uwanjani anakuuliza siku ile ndege iliokolewa na nani.

Kapteni alikuja moja kwa moja kwa Bujiku. "Wewe! Ulisema nzuri!"

"Nilisema, Kapteni. Nilikuwa naendelea."

"Unaendelea nini?"

"Hukunisubiri nimalize."

Jamani. Nilitaka ardhi ile iliyomeza gurudumu inimeze na mimi. Bruda Marcel, miguu mitupu, tope mpaka magotini, alisema maneno machache tu: kwamba ikitokea tena, masika yote hakuna ndege ya misheni itakayotua Mwanhembo. Akasema kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha.

Maana mimi nilikuwa na sababu yangu ya kuogopa. Violeth, binti yetu, alikuwa amerudi nyumbani kujifungua uzao wake wa kwanza. Mumewe Boaz yuko migodini huko Geita, anashuka shimoni anapanda, simu yake unaipata kwa bahati. Na nesi Rhoda wa zahanati yetu alishampima Violeth, akatuambia bila kuzunguka, maana yeye ni mtu wa moja kwa moja kama mimi, kwamba mtoto amelala kiubavu. "Asipogeuka, huyu hazai hapa, lazima apasuliwe. Mwahisheni Kahama mapema." Tukapanga kwenda baada ya Jumapili. Mto ukajaa Ijumaa, haukupungua tena, na ndege haiitwi mpaka mgonjwa azidiwe. Kwa hiyo mnaelewa, uwanja ule kwangu haukuwa tena uwanja wa mapadri na wapimaji wa madini. Ulikuwa mlango wa kumtolea mwanangu.

Nikasema, mume huyu nitamfundisha. Jioni nikawa nachukua mwiko naushika kama simu, nakaa upande ule wa jiko, yeye upande huu.

"Bujiku, habari za uwanja?"

"Nz..."

"Aa-aa! Anza na baya!"

"Mama Violeth, mtu hajakaa sawa unamwambia baya?"

"Yuko angani! Atakaa sawa saa ngapi?"

Tunaanza upya. Anavuta pumzi, anafumba macho, anasema, "Kapteni, uwanja una tope." Nampongeza. Halafu anaongeza haraka haraka, kwa aibu, "Lakini usijali, karibu sana." Nilimpiga na huo mwiko. Violeth alikuwa amelala kwenye mkeka anashika tumbo kwa kucheka. "Mama, mwache baba. Atakufa na nzuri yake mdomoni." Na yeye mwenyewe, ukimuuliza usiku umelalaje na tumbo hilo, anakujibu nzuri. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Mwisho Kapteni mwenyewe alikata shauri. Akanipigia mimi. Akasema kuanzia leo simu ya uwanja aishike Mama Violeth, Bujiku aangalie tu na kumweleza. Hapo roho yangu ilitulia. Kapteni akiuliza habari za uwanja, namjibu: "Kubaya. Tope kutoka kwenye soksi kwenda chini. Usije." Anasema asante, anakata. Siku nyingine jua linawaka, uwanja mkavu kama ukoko, bado nitamtafutia: "Kuna ng'ombe wanne, na vumbi, na upepo unageukageuka." Akaniambia siku moja, "Mama Violeth, tangu tufahamiane hujawahi kunipa neno nzuri hata moja. Ndiyo maana nalala usingizi." Nilifurahi kama nimepewa cheti.

Bujiku hakufurahi. Namjua. Alikuwa anarudi kutoka uwanjani, ananieleza yote kwa mpangilio, halafu anakaa pembeni anasikiliza ninavyoyatema. Mara moja tu alisema, "Unafukuza wageni, Mama Violeth." Nikamwambia mgeni aliyefukuzwa yuko hai.

Halafu ikaja Jumatano ile.

Mvua ilikuwa imenyesha tangu juzi yake. Alfajiri Violeth aliamka akaniambia, "Mama, kiuno." Nikamwangalia uso nikajua. Nikamtuma jirani kwa nesi Rhoda, naye akaja na mwavuli uliovunjika, akampima, akanivuta nje chini ya bati. "Bado amelala kiubavu. Uchungu umeshaanza. Asipotoka hapa leo mchana, Mama Violeth, sitakudanganya, tunawapoteza wote wawili." Akapiga simu Mwanza. Wakasema ndege ipo, Kapteni Deusdedit anaweza kuja na daktari, lakini mpaka athibitishiwe uwanja. Bila uwanja, hapana. Mto wenyewe tuliusikia kutoka pale pale uani, unavuma.

Bujiku alishatoka zamani na baiskeli yake.

Mvua ikapungua, ikawa manyunyu, halafu ikakata. Nikasimama mlangoni naangalia kule uwanjani. Sikuhitaji kisigino. Nusu ya chini ilikuwa inang'aa kwa maji, mabata ya mtu yanaogelea pale ambapo magurudumu hupita. Ndani Violeth akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, hata alipokuwa mtoto akaungua na maji ya moto. Na hapo hapo simu ikaita.

"Mama Violeth. Habari za uwanja?"

Nikasema, "Nzuri."

Ndiyo, nilisema mimi. Wala sitaomba msamaha kwa mtu. Weka binti yako pale kwenye mkeka, halafu uje uniambie ungesema nini. Nilisema nzuri, na nikaongeza, "Nzuri kabisa, Kapteni. Pakavu. Njoo haraka."

Nikasikia injini inanguruma nyuma ya sauti yake, kumbe alikuwa ameshakaa ndani ya ndege anangoja neno langu.

"Nzuri?" akasema.

"Nzuri kabisa."

"Mama Violeth, mvua imenyesha huko siku mbili. Wewe unaniambia nzuri?"

"Nakuambia."

"Nipe Bujiku."

"Hayupo."

"Nipe Bujiku, mama."

Na mwenyewe akawa anaingia uani, tope mpaka mapajani, ndala mkononi. Amesikia. Akanyoosha mkono. Nikaishika ile simu kwa mikono miwili kifuani, nikamnong'oneza, na nilikuwa nalia sasa, "Sema nzuri, Baba Violeth. Maisha yako yote umesema nzuri. Kwa wapita njia umesema, kwa wadai umesema, kwenye msiba wa mama yako umesema. Leo nakuomba hii moja. Ukisema baya, haji. Asipokuja, Violeth anakufa."

Aliniangalia. Nadhani aliangalia na mlango, maana Violeth alikuwa analia tena. Halafu akanitoa vidole kimoja kimoja, taratibu, kama anavyomtoa kuku kwenye mahindi, akaichukua simu.

Hakusalimia. Bujiku wangu hakusalimia.

"Kapteni, usitue," akasema. "Maji yamejaa. Kuanzia kwenye soksi mpaka chini, kisigino kinazama chote. Ukifika hapo unapinduka."

Nilikaa chini. Jioni zote zile nimemfundisha mwanamume yule na mwiko aanze na baya, na amelianza leo. Niliwaza kumuua, kweli, niliangalia mchi uko wapi. Nikangoja kusikia ule mlio wa simu kukatwa. Kapteni Deusdedit hajawahi kungoja neno la pili.

Simu haikukatwa. Injini bado inanguruma.

"Ila?" akasema Kapteni.

Bujiku akaonyesha kilimani kwa ndala. "Ila juu, kutoka kwenye soksi mpaka mwisho wa upande wa kilima, ni pagumu. Nimepita kwa baiskeli mara mbili, nimekanyaga kote. Maji yameteremka yote chini. Upepo unatoka kilimani, si mkali. Kilima chote kinaonekana, na mnara wa Segese unaonekana. Ukiingia kama unavyoingia siku zote, kwa chini, unagusa kwenye maji. Ruka maji yote, gusa baada ya soksi, simama uelekee kilima."

"Kutoka angani nitajuaje maji yanaishia wapi? Yote yatang'aa."

Bujiku akatazama huku na huku, na macho yake yakafika kwa Mzee Mwigulu, aliyekuwa amekuja na watu wengine kusimama uani kama watu wanavyosimama kwenye nyumba yenye uchungu. "Nitakutandikia maturubai ya buluu, Kapteni. Turubai ni mwisho wa maji. Usiguse chini kabla ya turubai."

"Nikiwa na daktari peke yake, nusu inanitosha," akasema Kapteni, kama anajisemea. "Natoka sasa."

Mzee Mwigulu hakungoja kuambiwa. Mzee yule, ambaye tumegombana naye misimu yote kuhusu maturubai yale, alikimbia. Alirudi na maturubai kwenye baiskeli mbili za watu, tukayatandaza kukatiza uwanja, nusu nzima ya kijiji ikibeba mawe ya kuyakandamiza. Mengine yalikuwa bado na mpunga kwenye mikunjo. Mimi nilibeba mawe na nilikuwa simsemeshi Bujiku. Alikuwa anatazama soksi.

Ndege ilipotokea ilizunguka mara moja juu yetu, ikaenda mbali, ikarudi chini chini ikitokea upande wa mbuga. Nilifumba macho. Nikasikia inapita juu ya maji, inapita juu ya maturubai, halafu magurudumu kwenye kokoto, kokoto ngumu, sauti nzuri kuliko zote nilizowahi kusikia. Nilipofumbua macho ilikuwa imesimama kule juu, karibu na mawe meupe ya mwisho, mkia ukiwa pale unapotakiwa kuwa.

Violeth alibebwa kwenye kitanda cha kamba. Nesi Rhoda alipanda naye. Mimi hapakuwa na nafasi, uzito ulikuwa unahesabiwa. Kabla ya kufunga mlango Kapteni alinikazia macho. "Mama Violeth, ningeshika nzuri yako ningegusa chini kule kule, kama siku zote. Binti yako angetupata tumelala kichwa chini."

Nikamwambia, "Ondoka, Kapteni. Tutagombana ukirudi."

Wakaondoka. Jioni akapiga, akasema wamefika, Violeth ameingizwa chumba cha upasuaji, akakata. Hiyo ndiyo habari yote tuliyokuwa nayo. Usiku ule sikulala, na Bujiku hakulala, tulikuwa tunapokezana kwenda kuangalia kama simu ina chaji.

Kesho yake asubuhi simu ikaita. Namba ya nesi Rhoda. Nikaishika kwa mikono miwili.

"Shikamoo mama."

Alikuwa Violeth mwenyewe. Sauti ndogo, imechoka, lakini yake.

"Marahaba mwanangu! Hali yako?"

"Nzuri, mama."

Na mtandao ukakatika.

Mmeona? Mmeona Mungu anavyoweza kumtania mtu? Nilibaki nimesimama na ile nzuri sikioni, nzuri ya baba yake, nzuri ambayo inaweza kuwa na kaburi nyuma yake. Niliiangalia simu. Nikapiga, haipatikani. Nikapiga, haipatikani. Nikatoka mbio mpaka kwenye kichuguu cha nyuma ya choo ambako mtandao hushika, Bujiku ananifuata, naipunga simu hewani kama mwendawazimu. Nilikuwa nasema peke yangu, "Ila nini? Ila nini?" Ndipo nikaelewa yule Kapteni wa watu alikuwa anaishi maisha gani.

Ikaita tena.

"Violeth! Sema ila yake!"

"Ila ya nini, mama?"

"Ya hiyo nzuri yako! Nyie kila nzuri yenu ina ila! Ianze hiyo, sema baya kwanza, nimejiandaa!"

Nikasikia kitu kidogo kinalia karibu na simu, kwa hasira, kama mimi.

"Mama," akasema, "haina ila. Ni nzuri tu."

Nilikaa pale pale juu ya kichuguu, kwenye tope, nikalia mpaka kanga ikalowa. Bujiku alikuwa amesimama ananitazama kwa hofu, hajui kama ni kilio cha heri au cha shari. Nikampa simu tu.

Akaipokea kwa mikono miwili. Akajiweka sawa. "Mwangaluka, mwanangu. Mhola? Wabeja. Habari za hospitali? Na daktari hajambo? Na nesi Rhoda amelalaje? Habari za Mwanza? Mvua huko? Kapteni mmeonana? Msalimie sana. Na hao wagonjwa wenzako wanaendeleaje..." Alisalimia wodi nzima, kitanda kwa kitanda, uso wake wote unacheka, machozi yanateremka kwenye ndevu. Nilimwacha. Nilisema moyoni, leo mwache amalize.

Simu ikazima. Chaji imekwisha, na umeme haukuwepo.

Nikajifuta uso. "Haya, Baba Violeth. Mjukuu wetu ni wa kike au wa kiume?"

Akaiangalia ile simu, akaniangalia mimi.

"Nilikuwa bado sijafika huko," akasema.